Rangi ya Noti Haipimwi kwa Skrini

Wacha niseme tu, na wa kukasirika akasirike. Mtu akikuuzia noti ya zamani ya Ujerumani kwa bei ya juu ati "rangi yake ni adimu", na ushahidi wake wote ni picha moja ya simu, ondoka kwa hiyo inboksi. Hauziwi rangi hapo, unauziwa mwangaza wa skrini.

Kwa wageni: mimi hukusanya pesa za dharura za Ujerumani, zile wenyewe waliziita Notgeld. Vita vya 1914 vilipoanza, watu walificha sarafu na madini yakahitajika kwa silaha. Chenji ikapotea madukani. Miji, viwanda, hadi vijiji vidogo vikaanza kuchapa noti zao. Vita viliisha 1918 lakini mashine hazikuzimwa, na kufika Novemba 1923 dola moja ya Marekani ilikuwa mark trilioni 4.2. Noti nyingi za kawaida leo ni bei ya chipo na soda, ndiyo maana mtu aliyeacha chuo kama mimi anaweza hii hobi. (Bei ya kutumiwa kutoka huko ni stori ingine, tusiumizane.)

Sasa, rangi. Noti moja, maneno yale yale, tarehe ile ile, lakini moja ni ya kijani na ingine ni ya bluu. Wakusanyaji huita hiyo aina tofauti, na huwa wanailipia. Swali langu ni moja tu: nani alibadilisha hiyo rangi? Kama ni mchapaji, kwa sababu wino uliisha akachanganya mwingine, au aliagizwa achape mara ya pili, hiyo ni aina kweli. Kama ni jua la dirishani kwa nyanya ya mtu miaka arobaini, hiyo ni noti imepauka, bana.

Na jua ni mwongo hodari. Kijani mara nyingi ni manjano juu ya bluu. Manjano ikichoka mapema, unabaki na "bluu adimu". Karatasi ya bei rahisi nayo hugeuka kahawia yenyewe ikizeeka, halafu mtu anakuja kukuambia ilichapwa kwa karatasi ya kahawia.

Kuna mfuasi alinitumia picha wiki jana, muuzaji anataka ngiri nne kwa noti ya "bluu". Nilimwambia aombe vitu vitatu. Picha ya nyuma, kwa sababu mara nyingi upande mmoja ndio ulikaa juani na ule mwingine bado unasema ukweli. Picha ya mchana kando ya dirisha, bila filta wala taa ya manjano ya sebuleni, na karatasi nyeupe iwe kando ya noti ndani ya picha hiyo hiyo. Halafu noti ingine ya kijani ya mji huo huo, ziwekwe bega kwa bega. Muuzaji alinyamaza. Sisemi ni mwizi, labda data iliisha.

Ukishaishika mkononi, kuna tochi ya miale ya zambarau, ile ya kukagua pesa bandia dukani. Karatasi ya 1921 haifai kung'aa bluu kali chini yake, kwa sababu kemikali za kung'arisha karatasi zilianza kutumika miongo kadhaa baadaye. Ikiwaka kama shati jeupe disko, rudisha.

Kuna wanaosema haya yote ni kujisumbua, karatasi ni karatasi. Nakubali nusu. Kufika 1921 miji mingi ilikuwa inachapa noti za kuuzia wakusanyaji tu, seti nzuri nzuri zenye picha za hadithi za mji, zingine zikitolewa wakati tarehe ya kutumika imeshapita. Bielefeld walichapa hadi kwa hariri. Hapo rangi tano ni biashara, hustle kama yetu tu. Serikali yao ilipiga marufuku hizo noti 1922, kabla mfumuko wa bei uzirudishe kwa nguvu mwaka uliofuata.

Lakini hizo pesa za dharura hazikuchapwa Ulaya pekee, na hapa ndipo sikubaliani na hao watu kabisa. Manowari za Waingereza zilipofunga pwani ya Tanganyika, iliyokuwa koloni la Wajerumani, noti kutoka Berlin hazikufika tena. Benki yao ikachapa za muda, kuanzia 1915, kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Ndiyo maana utakuta rupia moja kwa karatasi za rangi tofauti. Kufika 1917 walikuwa wanagonga herufi kwa mihuri ya mpira. Huko Tabora, 1916, karakana ya reli iligeuzwa kiwanda cha sarafu: heller 20 zikatengenezwa kwa shaba nyekundu na zingine kwa shaba ya manjano, pamoja na ile ya maganda ya makombora.

Hapo rangi inakuonyesha ni nini kiliisha stoo. Na pesa hiyo ilipita mikononi mwa watu wetu, maaskari na wapagazi, si wakusanyaji wenye albamu. Kwa hivyo mtu akipiga filta noti ya Tanganyika ili iuze, huyo hanikasirishi kwa sababu ya bei tu. Anafuta kitu.

Kama kwenu kuna heller 20 ya Tabora, usiisugue na majivu wala ndimu, tafadhali. Ipige picha mchana, pande zote mbili, karatasi nyeupe kando, unitumie. Nikikuuliza maswali kumi usichoke.