Buibui Aliyekwisha Nunuliwa Aachwe Atulie



Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo muhula huu limezusha maneno mengi mabwenini, na hata katika chumba cha walimu, nalo ni mtindo huu mpya wa kununua buibui. Sisemi buibui lile vazi la mama zetu, wala simsemi yule mdogo wa darini. Namsema yule mkubwa mwenye manyoya na rangi ya chungwa bivu, ambaye vijana humfukua huko chini kwenye vichaka vya nchi kavu, milima inapoishia, wakaja kumwuza kwetu kwa shilingi 1,000.

Wanafunzi wamegawanyika. Wako wasemao buibui wote wauawe kwa kandambili leo hii. Wako wasemao kila mtu ana haki na mali yake, aliyenunua afanye apendavyo. Mimi siko huku wala huko. Nasema hivi: aliyekwisha nunuliwa atunzwe ipasavyo, na mwingine asinunuliwe.

Kwanza tumjue. Jina lake la kitaalamu ni Pterinochilus murinus, nalo alipewa na Mwingereza aitwaye Pocock mwaka 1897. Neno la pili ni la Kilatini, maana yake "wa kama panya", jina ambalo halimfai huyu wetu hata kidogo. Jamaa zake wa rangi ya kijivu na kahawia wako katika nchi nyingi za Afrika, lakini huyu wa rangi ya chungwa, wafugaji wa Ulaya na Marekani humwita kwa jina la milima yetu, Usambara. Ndiyo, huko watu hufuga buibui kama sisi tunavyofuga kuku, nao huwazalisha vizimbani. Mtu ambaye hajapata kuiona Soni wala Magamba hata katika ramani, hulitaja jina la Usambara kila ampapo buibui wake chakula. Nao humwogopa, kwa kuwa ni mkali na mbio zake zashinda za mende.

Hofu ya wenzetu basi si ya bure. Akiuma, maumivu ni makali, na misuli huweza kukakamaa hata baada ya siku kadhaa. Kwa hiyo pasiwe na mtu wa kumshika kwa mkono ili aonekane shujaa, na atakayeumwa apelekwe zahanati mara moja. Lakini kutoka hapo hata kusema wauawe wote, ni mbali. Yeye hamfuati mtu. Mtu ndiye amfuataye shimoni. Sisi Waislamu tena tumesimuliwa tangu chuoni habari ya buibui aliyetanda utando mlangoni mwa pango la Thaur wakati wa Hijra, mwaka 622, hata nyumbani kwetu bibi hakubali buibui auawe.

Sasa nije kwenye utunzaji, maana hapa ndipo penye makosa mengi. Buibui mchanga hahitaji nyumba kubwa. Chupa pana ya jamu yatosha, kifuniko kikiwa na matundu madogo asiyoweza kupenya. Ndani utiwe udongo mkavu ulioshindiliwa kidogo, kina cha vidole vinne, na kipande cha gome la mti kiegeshwe juu yake apate pa kujificha na pa kutanda. Nafasi iliyobaki juu ya udongo isiwe ndefu. Tumbo lake ni laini mno, na akianguka kutoka juu hupasuka. Maji ni matone mawili matatu pembeni. Udongo usiloweshwe, kwani huyu ni mwenyeji wa nchi kavu.

Kisha aachwe. Kazi yenyewe ni hiyo, nayo ndiyo inayotushinda. Kiumbe aliyetolewa shimoni mwake, akatiwa mfukoni, akapandishwa basi mpaka Lushoto, anahitaji juma zima la giza na kimya kabla hajaona kwamba mahali hapa ni kwake. Asisumbuliwe, na siku za kwanza asilazimishwe hata kula. Lakini bwenini mambo yalikuwaje? Nimeona chupa moja ikipita mikono ya watu ishirini wakati wa mapumziko, kila mmoja akiitikisa ati "aamke". Siku ya nne alikunja miguu chini ya tumbo, akafa. Mwenyewe akasema ameuziwa mgonjwa.

Wa pili aliuawa na ujinga mwingine, na huu nataka kila msomaji aukumbuke. Buibui anapokua hujivua ngozi yake ya zamani kama nyoka. Siku nyingi kabla ya hapo hukataa chakula, kisha hulala chali, miguu ikielekea juu, akatulia tuli kwa saa nyingi. Watu wakamwona hivyo, wakasema maskini amekufa, wakamtupa jalalani. Jueni basi tofauti: aliyelala chali anajivua ngozi, asiguswe, aliyesimama wima na kukunja miguu yote chini yake kama ngumi, huyo ndiye wa kulilia. Akishamaliza kujivua, mwili na meno yake bado ni laini. Ngojeni siku kadhaa kabla ya kumpa chakula, na mdudu yeyote aliye hai aondolewe, asije yeye akaliwa na chakula chake.

Juu ya chakula sitakawia. Mtoto wa panzi au wa nyenje, asiyezidi ukubwa wa tumbo la buibui, mara moja au mbili kwa juma, na mabaki yaondolewe. Ila panzi wasitoke katika mashamba ya kabichi na nyanya yanayotuzunguka, kwa kuwa hupigwa dawa, na dawa iliyo katika panzi itaingia katika buibui. Vivyo hivyo dawa ya kunguni tunayopuliza bwenini. Hii ndiyo sababu kubwa ya mimi kuunga mkono shauri la mwalimu wetu wa Baiolojia kwamba watatu waliosalia wakae maabara, tena ndani ya kabati, si dirishani. Mji wetu uko juu kiasi cha mita 1,400, baridi ya Juni na Julai twaijua sote. Lakini chupa iliyoachwa juani huwa tanuri.

Mzazi mmoja, siku ya kutembelewa, alisema watoto hawakuletwa shule kufuga wadudu. Aniwie radhi: buibui si mdudu kwa hesabu ya Baiolojia. Mdudu ana miguu sita, huyu ana minane, nasi hutahiniwa juu ya jambo hilo. Mwanafunzi aliyemtazama buibui akijivua ngozi hataisahau sura hiyo ya kitabu.

Lakini kwa nini asinunuliwe wa nne? Kwa sababu sisi tukinunua, vijana watachimba. Jike huweza kuishi zaidi ya miaka 10. Akifukuliwa, hakuondoka yeye peke yake, wameondoka na watoto ambao angewazaa. Tena Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haifanyi kukamata wanyama wa porini kuwa jambo la kila mtu na jembe lake, na mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kuwasafirisha wakiwa hai kwenda nchi za nje. Yafaa shule iulize ofisi inayohusika wilayani hata juu ya hawa watatu.

Rafiki yangu mmoja hunijibu kwamba Wazungu wanapata fedha kwa jina letu, basi nasi tuuze. Hunitajia ua la Usambara, ambalo Mjerumani von Saint Paul-Illaire alilipata katika milima hii mwaka 1892, na leo liko katika madirisha ya dunia nzima. Ni kweli. Lakini maua hayo hupandwa na kuzidishwa huko huko kwa majani yake, na buibui wao huzaliwa huko huko. Hawangoji kijana wetu afukue shimo. Walichotushinda ni subira ya kutazama na kuandika waonayo, na subira hiyo haiuzwi kwa shilingi 1,000.

Limebaki jambo moja la haraka. Mwezi wa Desemba shule itafungwa, na sisi wa Kidato cha Nne tutakuwa tumekwisha ondoka. Chakula si taabu, kwa maana buibui mwenye afya huweza kukaa majuma kadhaa bila kula; lakini aliye mchanga hawezi kukaa hivyo bila maji. Mlinzi amekwisha sema yeye hamkaribii. Ninyi wa Kidato cha Pili ambao kwenu ni karibu, mmoja wenu amwone mwalimu wa Baiolojia kabla ya mitihani kwisha. Kazi ni matone machache kila siku ya tatu, na kufunga kabati.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne