Boksi Tupu si Takataka

Mtoto akiokota boksi tupu la sabuni jalalani, mzazi humkemea na kumwamuru alitupe. Karipio hilo lina sababu yake, kwani jalala si mahali pa mtoto. Lakini boksi hilo hilo, likiwekwa pembeni nyumbani kabla halijachafuka, ni meza ya mwanasesere, ni kabati, ni kitanda. Jambo hili laonekana dogo, nasi twaamini linastahili kufikiriwa na wazazi, walimu na viongozi.

Tunaandika haya tukiutazama mji wa Ifakara na bonde zima la Mto Kilombero. Bonde hilo ni ghala la mpunga na miwa. Ardhi yake ni tambarare, na masika yakiingia maji hutuama. Makopo na chupa vilivyotupwa ovyo huziba mitaro, na vikijaa maji ya mvua huwa mazalio ya mbu aenezaye homa ya dengi. Ifakara, mji wenye utafiti wa magonjwa ya nchi za joto tangu miaka ya 1950, hauna haja ya kukumbushwa madhara ya mbu.

Ndugu zetu wa visiwani watauliza: Ifakara yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafanya hivyo tarehe 1 Juni, 2019. Hata hivyo mfuko ulikuwa sehemu tu ya taka. Maboksi, viberiti vitupu, trei za mayai na vizibo vingali vinaingia kila nyumba, Ifakara kama Unguja na Pemba. Tena kisiwa hakina nafasi ya majalala, na kisichozolewa huishia baharini.

Hatudai kwamba samani za wanasesere zitausafisha mji. Hiyo ni kazi ya halmashauri na itabaki kuwa yao. Tunachosema ni kwamba mtoto aliyezoea kukipima kitu kabla ya kukitupa hatakuwa mtu mzima wa kutupa ovyo. Udongo uwahi ungali maji.

Faida nyingine ni elimu yenyewe. Viberiti 6 vikipangwa safu mbili na kugandishwa kwa uji mzito wa unga, huwa kabati lenye droo zinazofunguka. Boksi la chai hugeuka kitanda, na vizibo 4 vikawa miguu yake. Mguu mmoja ukizidi, kitanda huyumba; hapo mtoto hujifunza kipimo bila kuchapwa. Katika bonde lenye mashamba ya mitiki, mikono ya namna hiyo ndiyo itakayotoa maseremala wa kesho. Wala kazi hii si ya wasichana peke yao.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Bara, inamtwisha mzazi wajibu wa kumpa mtoto haki ya kucheza na kupumzika. Haki hiyo haimlazimu mzazi kununua vinyago vya plastiki kutoka ng'ambo.

Hata hivyo hapana budi kutoa onyo kali. Katika mashamba ya mpunga na miwa hutumika dawa za kuua wadudu na magugu. Chupa na makopo ya dawa hizo hayafai kwa mchezo wala kwa maji ya kunywa, hata yakioshwa mara ngapi. Vivyo hivyo vifungashio vya dawa za hospitali na mabati yenye makali. Mtu mzima ndiye achague vifaa, na ndiye ashike kisu.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa maofisa elimu, Bara na Visiwani, watenge walau kipindi kimoja kwa juma katika madarasa ya awali kwa kazi hii, na kila shule iwe na sanduku la kukusanyia vifungashio safi kutoka majumbani. Tunazitaka halmashauri za bondeni ziweke utaratibu wa kurudisha chupa za dawa za mashambani, zisizagae walipo watoto. Yote haya hayangojei fedha za kigeni. Wazazi nao waanze leo: kabla ya kulitupa boksi, wamwulize mtoto kwanza.