Majungu ya Kazini Yasipikwe Jikoni

Akina mama wenzetu, mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya jambo linalovuruga nyumba nyingi za watumishi wa reli, nalo ni majungu ya kazini na hamu ya kupanda cheo.

Tunaye mwenzetu mmoja ambaye mumewe ni dereva wa treni za dizeli katika Reli ya Kati. Wanakaa kwenye kota, ambako dereva, gadi na stesheni masta wanapakana ukuta kwa ukuta, na wake zao huchota maji bomba moja. Majina ya watakaofundishwa treni za umeme yalipotoka, la mumewe halikuwamo. Lilikuwamo la kijana msaidizi wake. Asubuhi mama huyu akasema bombani kwamba kijana yule "ana mtu wake juu". Jioni maneno yakamfikia mke wa kijana, naye akajibu mapigo. Kwa wiki mbili wanaume wale walipanda injini moja bila kusalimiana.

Hapo ndipo penye hatari. Dereva na msaidizi husomeana ishara za njiani, na wote wawili humtegemea gadi nyuma ya treni. Wasipozungumza, nani atamwambia mwenzake kwamba breki haishiki vizuri? Tunaikumbuka ajali ya Igandu, mkoani Dodoma, Juni 24, 2002. Treni ya abiria ilirudi nyuma, ikagongana na treni ya mizigo, na watu 281 wakafa. Hatusemi majungu ndiyo yaliyoileta. Tunasema kwamba mahali ambapo kosa dogo huua mamia, hapafai watu wanaonuniana.

Mwenzetu alipotujia na malalamiko yake, tulimwuliza swali moja: "Mumeo aliomba?" Akanyamaza. Kisha akakiri kwamba mumewe alikuja na fomu nyumbani, naye akamwambia, "Kwa umri huo utakaa darasani na watoto? Na karo za shule nitalipa na nani?" Fomu ile ikabaki kabatini.

Mama mpendwa, upendeleo kazini upo, hatutakudanganya. Lakini kabla ya kumtafuta mchawi, tuangalie kwanza kabatini mwetu. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000, mpya ni milimita 1,435, nayo hutumia umeme. Treni zake za abiria zilianza kwenda Morogoro Juni 2024 na Dodoma Julai mwaka huo huo. Dereva wa dizeli, hata awe hodari namna gani, hana budi kujifunza upya.

Kwa hiyo mhimize mumeo asome, hata kama kwa miezi kadhaa mtakula mboga za majani. Mtunzie vyeti na nakala za barua zake. Akiona ameonewa, aulize sababu kwa maandishi, au apeleke shauri lake kwa chama cha wafanyakazi. Usimpelekee mke wa mkubwa kuku ili mumeo akumbukwe. Kuku huyo ataliwa, na mwakani watamtaka mbuzi.

Na wewe mama uliye mtumishi mwenyewe, mkubwa akikudai mwili wako ili akupandishe cheo, usione haya kusema. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalitaja jambo hilo kuwa ni kosa, na TAKUKURU hupokea malalamiko yake.

Mwenzetu yule alikwenda kwa mke wa kijana jioni moja, akaomba radhi. Walikunywa chai kimya kimya, halafu wakacheka. Siku hizi kijana, akirudi likizo, huja na madaftari yake, naye dereva wake wa zamani huyasoma chini ya taa mpaka usiku. Fomu imekwisha jazwa. Safari hii mama ndiye aliyeipeleka posta.