Nyumba za Wahindi si takataka za mkoloni

Mwandishi mmoja amedai gazetini kwamba safu za maduka ya Wahindi katikati ya Kampala ni mabaki ya ukoloni, zibomolewe tupate maghorofa. Hoja hiyo ina pupa.

Kwanza, mkoloni hakuzijenga. Zilijengwa na wafanyabiashara ambao serikali ya mkoloni huyo huyo iliwatenga kwa rangi katika mipango ya mji, na jasho lililomwagika pale lilikuwa la Waafrika pia. Mwandishi huyo azitazame kwa makini: duka mbele, makazi juu au nyuma, baraza lenye nguzo linalomkinga mpita njia na mvua. Ukuta wa mbele umepandishwa kuficha paa la mabati, na juu yake mara nyingi pamechorwa kwa saruji jina la mwenye nyumba na mwaka wa ujenzi. Hiyo ni kumbukumbu ya mji, tena ya wazi.

Pili, kuta hizo zimeshuhudia Agosti 1972, Rais Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke. Sheria ya mwaka 1982 iliwafungulia njia ya kurudishiwa mali walizonyang'anywa. Tukizibomoa, mtoto ataonyeshwa nini?

Nakubali, nyingine zimechakaa na zinahatarisha watu. Basi zikarabatiwe, na anayetaka ghorofa ajenge nyuma, uso wa mbele ubaki. Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2000, una kasoro zake, lakini watalii hawaufuati kwa ajili ya maghorofa ya vioo. Ubomoaji si maendeleo. Ni haraka tu.