Manowari ya maboksi na wasomi wanaoogopa gundi

Nimerudi. Najua nimekuwa kimya wiki tatu nzima na wengine mlishaanza kusema jamaa kadisko karudi kwao. Sijadisko bwana. Nilikuwa na wembe mkononi na gundi kwenye vidole. Najenga manowari.

Si utani. Juu ya kitanda cha juu, pale ambapo mwenzangu wa chumba alihama, kuna meli ya kubeba ndege yenye urefu wa sentimita 64. Inaitwa HMS Centaur, ya jeshi la majini la Uingereza. Meli yenyewe ilijengwa Belfast, ikashushwa majini 1947, ikaanza kazi 1953, ikakatwakatwa chuma chakavu 1972. Ilikuwa na urefu wa mita 224 na ushee. Nimechagua skeli ya 1:350, yaani kila sentimita moja kitandani kwangu ni mita tatu na nusu baharini.

Sasa tangu nianze, maneno nayoyasikia hapa hosteli ni ya aina tatu, na leo nataka nimalizane nayo yote. La kwanza: "mzee mzima unacheza midoli". La pili, hili lilitoka kwa mhadhiri wetu mmoja ambaye namheshimu sana: "kijana, acha hizo, soma, mtihani hauulizi maboksi". La tatu ni la mshikaji wangu mwanaharakati wa ghorofa ya pili: "unamjengea mkoloni sanamu kwa mikono yako mwenyewe, kwa nini usijenge jahazi?"

Nianze na midoli. Mdoli haudaiwi ukweli. Ukichonga gari la mti na matairi yakawa makubwa kuliko bodi, mtoto anafurahi na maisha yanaendelea. Modeli ya skeli inadai kila kitu. Mtu wa mita 1.75 ananipa milimita 5, hapungui wala haongezeki. Ndege ya Sea Vixen yenye mita karibu 17 inakuwa sentimita 4.8, na lazima mabawa yake yakunjike kwa sababu bila kukunja haitoshi kwenye lifti. Kadi ya plastiki inayokuja na laini mpya ya simu (msizitupe jamani, nileteeni) ina unene kama milimita 0.76. Fanya hesabu: kwenye skeli hii huo ni ukuta wa sentimita 27! Kwa ukuta wa chuma cha meli ni mnene mno, kwa hiyo kila ukingo unaoonekana nimeupiga msasa mpaka unakaribia kupasuka. Mdoli gani unakusumbua hivyo?

Halafu hakuna aliyenipa ramani. Kuna kiti za Wajapani na Wachina, za Tamiya na Trumpeter, unafungua boksi unakuta kila kitu kimekatwa tayari, hadi ngazi za shaba nyembamba kama karatasi. Ni nzuri sana, sizisemi vibaya, ila ukijumlisha na usafiri bumu langu linaishia hapo. Mimi nimeanza na picha za ubavuni. Kama meli kwenye picha ina sentimita 18, basi sentimita moja ni kama mita 12 na nusu, na kutoka hapo unapata kimo cha mnara, upana wa dohani, kila kitu. Ila picha nayo inadanganya, kitu kilicho karibu na kamera kinajikuza, kwa hiyo unapima picha tatu nne unalinganisha. Mnara wangu wa kwanza nilipima picha moja tu. Ukatoka mrefu kama jengo la utawala. Nikaung'oa nikaanza upya.

Tumbo la meli nimelijenga kama mafundi wa majahazi wanavyojenga: mkuku kwanza, kisha mataruma, hayo ni ya plaiwudi, kisha nikavisha kadibodi nikaipaka gundi ya mbao na msasa mara nne. Nguzo za kuzuia watu wasianguke ni nyuzi za shaba nilizozichomoa ndani ya waya wa chaja iliyokufa. Kwa hiyo mshikaji wangu wa jahazi, jahazi limo humo ndani, ila hujachungulia.

Sasa Dokta. Shikamoo Dokta, najua wanafunzi wako watakufikishia.

Mtihani hauulizi maboksi, kweli. Mtihani unauliza namba ya Froude. Sisi wote tunaijua, ipo kwenye desa ukurasa uliofubaa kwa kutolewa fotokopi, kasi chini yake kipeuo cha pili cha mvutano mara urefu. Tumeikariri, tumeiandika, tumepata alama. Ni wangapi darasani wanaojua kwamba William Froude alikuwa akivuta vimeli vidogo ndani ya bwawa? Alijenga bwawa hilo Torquay, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1870, akachonga modeli za nta na kuzivuta mwendo huu na mwendo ule mpaka akajua meli kubwa itasumbuka vipi baharini. Mzee mzima, mhandisi, na midoli yake ya nta. Na hadi leo meli kubwa inaanza kama modeli ndani ya bwawa la namna hiyo.

Au chukua sitaha yenyewe. Zamani ndege ilitua kwa kufuata meli moja kwa moja kutoka tezi kwenda omo. Ikikosa kunasa waya wa kuizuia, mbele kuna wavu, na nyuma ya wavu zimepangwa ndege nyingine, mafuta na watu. Mwaka 1951 Kapteni Dennis Cambell akaja na wazo la kupindisha njia ya kutulia kidogo tu kwenda kushoto. Ukikosa waya unaongeza moto, unapita pembeni juu ya maji, unazunguka unajaribu tena. Centaur yangu ina mpindo huo, zaidi kidogo ya nyuzi 5. Nilipouchora kwa penseli juu ya kadibodi ndipo nilipoelewa, kwa sababu ghafla ile kona ya mbele kulia ikabaki wazi na nikaona mwenyewe ndege zingekaa wapi kwa usalama. Nilishawahi kuisoma habari hiyo mara tatu. Nilikuwa sijaielewa.

Na kile kioo cha kumwongoza rubani ajue yuko juu sana au chini sana? Nicholas Goodhart, aliyekibuni miaka hiyohiyo, inasimuliwa alilionyesha wazo lake kwa kioo cha mkobani na rangi ya midomo juu ya meza ya ofisi. Angekuwa hapa chuoni angeambiwa aache kuchezea vipodozi vya watu akasome.

Ninachosema ni hiki. Wiki ya kwanza ya kazi hii niliomba kutumia msumeno mdogo wa karakana, jioni tu, saa ambayo hakuna mtu. Nikaambiwa vifaa ni vya wanafunzi wenye mazoezi yaliyo kwenye ratiba. Ratiba yetu muhula huu haina zoezi hata moja la msumeno. Kwa hiyo msumeno upo, mafuta yake yameganda, mlango una kufuli, na wahandisi watarajiwa tuko nje ya kufuli tunakariri. Nimekata mataruma 23 kwa kisu cha mkate. Kisha mwakani tutatoka hapa na joho, tutapelekwa kiwandani, fundi wa darasa la saba atatuuliza "mhandisi, hii unaionaje?" na sisi tutaangalia chini. Halafu watu wanashangaa kwa nini mafundi wanatucheka!

Kuna siku niliielesha kwenye karai la kufulia. Ikalala upande wa kulia kama mlevi, maana mnara wote uko kulia. Nikapachika nati upande wa kushoto, ikanyooka. Kisha nikajiuliza inatakiwa iwe na uzito gani ili izame mpaka mstari wake sahihi. Urefu unagawanya kwa 350, lakini uzito unagawanya kwa 350 mara tatu, yaani karibu milioni 43. Meli ya tani elfu 26 hivi ikiwa imejaa inakuwa gramu 600 na kidogo. Nikapima dukani kwa Mangi kwenye mizani ya sukari, nikaongeza nati mpaka zikafika. Ikakaa kwenye mstari. Jamani, nilipiga kelele hadi mlinzi akaja. Hakuna alama A iliyowahi kunifanya hivyo.

Nije kwa mwanaharakati wangu, maana hoja yake ndiyo nzito kuliko zote na sitaki kuikimbia.

Kwa nini Centaur na si meli nyingine? Kwa sababu ilikuja hapa. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles kambi ya Colito waliasi, wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Alfajiri ya tarehe 25 helikopta ziliruka kutoka sitaha ya Centaur zikiwa na makomando wa kikosi cha 45, zikatua kambini, na baadhi ya askari wetu wakafa. Kambi hiyo leo ni Lugalo, imepewa jina la pale Wahehe walipowapiga Wajerumani 1891. Septemba mwaka huohuo 1964 likazaliwa JWTZ. Hayo tuliyakariri sekondari: tarehe, jina, "Waingereza walizima". Basi.

Babu yangu alikuwa mtoto Kawe. Anakumbuka mlio tu na watu kukimbia. Miaka yote hiyo hakuwahi kujua zile helikopta zilitoka wapi, alidhani ni uwanja wa ndege. Nilipomwonyesha picha ya modeli alikaa kimya, kisha akauliza, "Kwa hiyo walikuwa pale baharini tu, wanatungoja?"

Swali hilo lina jibu la hesabu. Ombi rasmi la serikali yetu lilitolewa tarehe 24. Centaur ilitoka Aden. Kutoka Aden hadi Dar ni zaidi ya maili za bahari 1,500, na meli hiyo mwendo wake wa mwisho kabisa ni noti 28. Gawanya. Ni zaidi ya siku mbili, bila kupumzika. Yaani ilishang'oa nanga kabla ya kuombwa. Walijiandaa kwa lolote, sawa, hata raia wao walikuwa humu. Lakini kujua hilo na kukariri "walialikwa wakaja" ni vitu viwili tofauti, na mimi nimelijua kwa sababu nilikuwa natafuta kasi ya meli ili nijue ukubwa wa rafadha.

Kwa hiyo hapana, simjengei mtu sanamu. Sijaijenga siku ya gwaride. Nimeijenga ya asubuhi ile: sitaha imejaa helikopta za Wessex na zile Belvedere zenye panga mbele na nyuma, na vigari vya deraya. Jahazi ni zuri, nitalijenga. Lakini mtu akija mlangoni kwako na bunduki, unapima kimo chake na yeye pia.

Nakubali mambo mawili. Mmoja, nimekosa vipindi viwili kwa sababu ya gundi ambayo haikusubiri, na hilo ni kosa langu. Pili, upande wa kushoto wa omo umepinda milimita mbili na siwezi kuurekebisha bila kuvunja.

Zimebaki Wessex tatu na bendera, ambayo bado sijaamua kama nitaiweka. Dokta, karibu chumba changu, shuka ni safi. Anayebisha aje na rula. Ni hayo tu kwa leo.