SAA JANJA SI TABIBU

Mtu akipita siku hizi katika ofisi za mjini Musoma, au akiingia katika chumba cha walimu cha shule yo yote huku Bugwema, ataona mikononi mwa watumishi saa ya namna mpya. Ni saa nyembamba, yenye mkanda wa mpira na kioo cheusi ambacho huwaka ghafla mwenyewe anapoinua mkono. Wananchi wameipa jina la saa janja, kwa kuifuata ndugu yake, simu janja.

Zamani saa ya mkononi ilikuwa alama ya cheo. Saa ya kwanza ya kwatsi, ambayo kampuni ya Seiko iliitoa huko Japani mwezi Desemba, 1969, iliuzwa kwa bei ya motokaa ndogo. Leo mwalimu wa shule ya msingi hununua saa yenye maajabu mengi zaidi kwa fedha isiyofikia bei ya gunia la mahindi. Hilo ni jambo la kufurahia, kwani maarifa yaliyokuwa ya wachache sasa yamewafikia wengi.

Mimi nami ni mmoja wa walioinunua. Niliipata mjini Musoma kwa shilingi 35,000, na nimeivaa kwa zaidi ya mwaka mmoja, darasani, shambani na safarini. Kwa hiyo siandiki kwa chuki ya vitu vipya. Naandika ili kuwaeleza watumishi wenzangu mambo ambayo saa hii huyatenda vema, na jambo moja ambalo haiwezi kulitenda ingawa yenyewe hudai kuwa yaweza. Jambo hilo moja laweza kumwua mtu.

Tuanze na wakati. Hapa saa janja ni ya kuaminika kabisa. Huchukua wakati kutoka kwenye simu, na simu huupata kutoka kwenye mnara. Haina haja ya kutiwa ufunguo wala kusahihishwa. Huandika 7 pale tunaposema saa moja ya asubuhi, na 13 pale tunaposema saa saba ya mchana, lakini hayo mtoto wa darasa la tatu huyazoea kwa siku mbili. Kipindi kinapokwisha, hutetemeka kidogo mkononi, nami sina sababu ya kutoa simu mfukoni mbele ya wanafunzi. Betri yake hukaa karibu wiki nzima, jambo ambalo ni neema kwa mtu anayetegemea umeme wa jua.

Hata hivyo, mzee anayepima mchana kwa kivuli chake asidharauliwe. Majira ya nchi yetu yamewekwa kwa kufuata mstari wa nyuzi 45 za mashariki, ambao hupita huko Somalia. Bugwema iko kati ya nyuzi 33 na 34. Ndiyo sababu jua la utosi hutufikia, kwa wastani, kiasi cha robo tatu ya saa baada ya saa kusema kuwa ni saa sita kamili. Mzee yule hakosei, wala saa haikosei. Kila mmoja ana chanzo chake, na chanzo cha kila mmoja ni cha kweli. Naomba msomaji alishike neno hilo la chanzo, maana ndilo msingi wa makala haya.

Jambo la pili ni hatua. Ndani ya saa kuna kidude kidogo kinachohisi mtikisiko wa mkono, na kwa mtikisiko huo saa hukisia hatua. Kwa mtu anayetembea mikono ikining'inia, hesabu yake haiko mbali na ukweli. Lakini nilipopanda pikipiki katika barabara ya vumbi kwenda Musoma, saa ilinisifu kwa mamia ya hatua ambazo sikuzitembea. Nilipolima kwa jembe nikiwa nimesimama karibu mahali pamoja, ilinihesabia safari ndefu. Na mama anayetoka kisimani, mkono mmoja ameshikilia ndoo kichwani, akivaa saa kwenye mkono huo huo, hatua zake nyingi hazihesabiwi. Yule afanyaye kazi kubwa kuliko wote ndiye apunjwaye na saa.

Hata hizo hatua 10,000 ambazo saa hutudai kila siku hazikutokana na amri ya daktari. Zilitokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019, uliofanywa kwa wanawake zaidi ya 16,000 wenye umri wa wastani wa miaka 72, ulionyesha kuwa faida ya kutembea ilizidi kuonekana mpaka kufikia hatua 7,500 hivi, kisha ikatulia. Kutembea ni kwema, lakini mtu asikose usingizi kwa sababu ya deni la hatua.

Jambo la tatu ni mapigo ya moyo. Mgongoni mwa saa kuna taa ya kijani. Damu hunywa mwanga wa kijani, na kila moyo unapopiga kiasi cha damu chini ya ngozi hubadilika. Saa husoma badiliko hilo. Mtu akiwa ametulia, kipimo hiki huwa karibu na ukweli. Kwa hewa ya oksijeni katika damu, hali ni ngumu zaidi. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walionyesha kuwa hata vipimo vya hospitali vinavyobanwa kidoleni vilishindwa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa wagonjwa weupe. Ikiwa kifaa cha hospitali chaweza kudanganywa na rangi ya ngozi, sembuse saa ya shilingi 35,000?

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Saa yangu, kama nyingi za bei yake, ina ukurasa uliochorwa moyo mwekundu, na chini yake maneno yanayodai kupima shinikizo la damu, ambalo wengi wetu twaliita presha. Unagusa kioo, unangoja nusu dakika, na tarakimu mbili zinatokea. Habari hizo zilienea upesi kijijini. Jioni wazee walianza kupita nyumbani kwangu. "Mwalimu, nipime." Nami niliwapima. Nakiri kwamba nilijisikia fahari.

Mmoja wao alikuwa bibi, jirani yangu, ambaye zahanati ilikuwa imempa vidonge vya presha tangu mwaka uliotangulia. Saa ilimwonyesha 121 kwa 79. Ilimwonyesha hivyo hivyo, kwa tofauti ndogo tu, kila aliponijia. Nilimwambia, "Bibi, uko salama." Hakuniuliza tena. Aliacha vidonge, akaacha kwenda zahanati, akaniombea dua. Majuma sita baadaye alianguka shambani. Mjukuu wake alimpeleka zahanati kwa pikipiki, na kipimo cha mkanda kikasema 190 kwa 110. Bibi alipona, kwa rehema za Mungu, lakini mkono wake wa kushoto hauna tena nguvu zake za zamani.

Muuguzi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwalimu, hiyo saa yenyewe uliipima kwa nini?"

Nilirudi nyumbani nikiwa na swali hilo. Nikachukua muhogo uliokuwa jikoni, nikaufunga saa, nikagusa ule moyo mwekundu. Baada ya nusu dakika saa iliniarifu kwamba mapigo ya muhogo ni 74 kwa dakika, na presha yake ni 118 kwa 77. Kwa mujibu wa saa yangu, muhogo ule ulikuwa na afya kuliko sote kijijini. Wahenga walikwisha kusema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hapa ndipo lile neno la chanzo linapotusaidia. Presha ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Mwaka 1896 daktari wa Kitaliano, Riva-Rocci, alibuni namna ya kuipima kwa mkanda unaojazwa hewa, unaobana mkono mpaka damu isimame. Mwaka 1905 Korotkoff, daktari wa Kirusi, alionyesha jinsi ya kusikiliza sauti ya damu inaporudi mkanda unapolegezwa. Mpaka leo zahanati zetu hufuata njia hiyo au jamaa yake. Kampuni ya Omron ya Japani ilipotaka mwaka 2018 kutengeneza saa ya kupima presha kwa kweli, ilibidi iutie mkanda wa saa hiyo mfuko wa hewa unaojaa na kubana. Saa yangu haibani cho chote. Ina taa tu, na kutokana na taa hiyo hukisia tarakimu ambazo watu wengi wazima huwa nazo. Mzima akijipima, huona kuwa yasema kweli. Mgonjwa akijipima, hudanganyika.

Habari ya sukari ni hiyo hiyo. Mwezi Februari, 2024, mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa iliwaonya watu wasitumie saa wala pete zinazodai kupima sukari ya damu bila kutoboa ngozi, kwa kuwa haijaidhinisha hata moja. Hata karatasi iliyokuja na saa yangu ilikuwa na onyo kwamba hii si kifaa cha tiba. Lakini onyo hilo liliandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo kama chawa, wakati ule moyo mwekundu ulichorwa mkubwa juu ya boksi.

Wako watakaosema kwamba kipimo hafifu ni bora kuliko kukosa kipimo. La hasha. Asiyejua hali yake huenda siku moja akaenda zahanati kuuliza. Anayedhani kuwa anaijua hubaki nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba watu wazima wapatao bilioni 1.3 duniani wana presha ya juu, na karibu nusu yao hawajijui. Ugonjwa huu haupigi hodi. Mficha maradhi kilio kitamwumbua, na saa ya namna hii humsaidia mtu kuyaficha maradhi hata mbele ya nafsi yake.

Watumishi wenzangu, sisi tunabeba dhamana kubwa zaidi kuliko mvaaji mwingine. Mwanakijiji haiamini saa. Humwamini mwalimu, bwana shamba na mtendaji aliyeivaa. Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, tusimpime jirani presha wala sukari kwa saa, hata kwa mzaha, na aliyekwisha kupimwa aambiwe ukweli na asindikizwe zahanati. Pili, mkutano wa kijiji usipite bila mhudumu wa afya kupewa nafasi ya kuwapima watu kwa mkanda, kwani wazee wapo hapo tayari. Tatu, wahusika wa ubora wa bidhaa na wa vifaa tiba watake onyo hilo liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, na juu ya boksi.

Sijaitupa saa yangu. Nimeufuta ule ukurasa wa moyo mwekundu, na nimeipa kazi inayoiweza. Kila siku saa mbili ya usiku hutetemeka mkononi mwangu, nami humtuma mwanangu nyumba ya pili akamkumbushe bibi vidonge vyake. Na tarehe ya kurudi zahanati ikifika, hutetemeka tena asubuhi. Saa na itunze saa. Presha tuwaachie wenye mkanda.