Mpendwa, uliza kabla ya kisu

Umejinyima, umetembea, kilo 40 zimekwenda. Sasa ngozi ya tumbo imebaki ikining'inia, inawasha, na kwenye mikunjo inatoka vidonda. Kutaka ikatwe si dhambi. Asikuambie mtu huna imani. Luka wa Injili alikuwa tabibu.

Ombi langu ni moja: usichague daktari kwa picha za TikTok na ofa ya mwisho wa mwezi. Kumbuka yule mjenzi wa mnara katika Luka 14, hesabu kwanza. Tafuta jina la daktari kwenye orodha ya KMPDC, iko wazi mtandaoni. Je, amesajiliwa kama mtaalamu wa upasuaji wa plastiki? Hospitali ina leseni? Muulize: nani atanipa dawa ya usingizi? Nikizidiwa usiku, ICU iko wapi? Kovu litakuwa refu kiasi gani?

Daktari akikwambia usubiri miezi sita uzito utulie kwanza, usimkasirikie. Anakulinda. Anayekupa tarehe kwa simu kabla hajakuona, mkimbie.

Tutakuombea, lakini maswali uliza mwenyewe. Amina?